Picha Isiyo na Maandishi Nyuma

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kizimbani)



Ndugu Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniambia nichague jambo la kazi yangu ambalo halitawachosha watu. Nimeitazama kazi yangu mbele na nyuma, nikaona hakuna. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za utafiti wa mazao. Zamani kumbukumbu hizo zilikuwa majalada. Siku hizi sehemu yake kubwa ni picha. Basi nitazungumza juu ya picha, na hasa juu ya yale maneno yaliyomo ndani ya picha ambayo hayaonekani kwa macho. Atakayesinzia na asinzie kwa adabu. Hata mimi nilipata kusinzia katika mikutano ya skuli hii, na aliyeniamsha yumo humu humu, wala sitamtaja.

Nianze nyumbani. Marehemu bibi yangu alikuwa na kisanduku cha bati alichokiweka chini ya kitanda, na ndani yake picha zisizozidi thelathini. Siku ya Idi akizitoa, tukizitazama. Mlikuwamo picha ya kijana aliyevaa kanzu, amesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na maua, na ukiigeuza nyuma unakuta muhuri wa studio ya mjini, tarehe, na maneno mawili kwa wino wa buluu: jina lake na la baba yake. Huyo tunamjua mpaka leo. Ni ami yake baba. Na palikuwa na picha nyengine, nzuri zaidi kuliko hiyo, ya wanawake watatu wamekaa juu ya mkeka wakichambua karafuu. Nyuma yake hapana hata herufi moja. Bibi alikuwa akiwajua wote watatu na akitutajia kila Idi, na sisi kila Idi tulikuwa tukisahau, kwa kuwa bibi yupo. Sasa bibi hayupo. Picha ninayo, na sura ninaziona vizuri kabisa, lakini sijui ni nani, wala ni shamba gani, wala mwaka gani.

Hayo maandishi ya nyuma ndiyo ambayo wataalamu wameyaita metadata, yaani taarifa zinazoeleza taarifa nyengine. Kamera ya leo, na kila simu mliyonayo mfukoni, huyaandika yenyewe bila ya kuulizwa. Ukibonyeza tu, nyuma ya picha inaandikwa aina ya kamera, tarehe, saa, dakika na sekunde, muda ambao mlango wa mwanga umekaa wazi, na kama umeiruhusu, mahali uliposimama kwa latitudo na longitudo. Utaratibu wa kuandika mambo hayo, uitwao Exif, ulitolewa Japani mwaka 1995. Kabla ya hapo wenye magazeti walikuwa na utaratibu wao wa kutia jina la mpiga picha na maelezo, na mwaka 2001 kampuni ya Adobe ikaleta wa tatu. Kwa hiyo picha moja inaweza kuwa na masanduku matatu, mfano wa ndugu watatu wanaokaa nyumba moja na kila mmoja ana kufuli lake. Jambo lile lile linaweza kuandikwa katika masanduku yote matatu, na lisilingane.

Sasa, anayetaka kuyafungua masanduku hayo, kuyasoma, kuyasahihisha na kuyapanga, chombo ninachomshauri ni programu iitwayo ExifTool. Aliyeiandika ni Mkanada, Phil Harvey, akaanza kuitoa mwaka 2003, na anaitoa bure mpaka leo. Inakubali kompyuta ya aina yoyote, hata ile kuukuu ambayo ofisi imeisahau. Ila niwatahadharishe: haina madirisha wala vitufe vya kubonyeza. Unakuta kioo cheusi na mstari unaokusubiri uandike amri. Wazee wetu mliopata kupeleka simu ya maandishi pale Posta ya Shangani mtaielewa upesi kuliko vijana, kwani ni mambo yale yale: maneno machache, kila neno lina bei yake, na ukikosea neno moja ujumbe unafika ukiwa na maana nyengine.

Ukiandika exiftool na kufuatisha jina la picha, inakutolea kila kilichomo, mara nyingi mistari mia na zaidi. Inasoma picha za simu, za droni, hata zile za eksirei za hospitali na za wanaotazama nyota. Vijana huniuliza kwa nini nijitaabishe na amri ilhali kuna programu za kubonyeza. Kwa picha moja, msijitaabishe. Lakini mwenye picha 4,000 atabonyeza mpaka kidole kife, na akimaliza hakumbuki alichokifanya katika picha ya 12. Amri unaiandika mara moja, inafanya kazi ile ile katika picha zote, na ukiitia daftarini, mwenzako mwakani anajua hasa ulifanya nini. Hilo la mwisho ndilo linalonipendeza mimi, kwani mimi ni mtu wa majalada.

Hata hivyo sikuja kuisifu programu. Nimekuja kusimulia nilivyoharibu kazi kwa kutumia hiyo hiyo, maana nadhani mtafaidika zaidi na hilo.

Mnakumbuka, wa rika langu, muhogo wa wazee wetu ulivyokuwa ukitufanyia inda. Majani ya juu yanapendeza, shina limenyooka, unachimba kwa furaha, ukikata unakuta ndani mna madoa ya rangi ya kahawia, makavu kama gome, na mwengine umeoza kabisa. Shangazi yangu aliwahi kuchimba matuta yote ya konde lake kwa ajili ya harusi, akapata muhogo usiojaza pakacha mbili. Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia. Mtaalamu H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, Tanganyika, na kwa miaka mingi ukajulikana kuwa ni ugonjwa wa mwambao. Unaletwa na virusi, unachukuliwa na inzi weupe, na vibaya zaidi, unasafiri ndani ya kipande cha mti tunachopeana jirani kwa jirani kwa wema. Unampa mtu mbegu, kumbe unampa maradhi. Mwaka 2007 zilitolewa hapa Zanzibar mbegu 4 zinazouvumilia, nazo ni Mahonda, Kama, Machui, na ya nne imepewa jina la hapa tulipokaa, Kizimbani. Nilipokuwa ng'ambo masomoni nilimwona mgeni mmoja akisoma jina la kijiji changu katika karatasi ya kitaalamu, akalitamka vibaya, na hata hivyo nikaona fahari.

Kazi ya kutafuta mbegu haimaliziki, kwani na ugonjwa nao hautulii. Katika ofisi moja niliyopata kuitumikia, tulikuwa na vitalu vya majaribio, na kila baada ya muda watu wa shamba wakipita kitalu kwa kitalu kupiga picha za majani, na wakati wa kuvuna, picha za muhogo uliokatwa vipande. Kisha watu wawili wakizitazama picha na kutoa alama, 1 kwa mzima mpaka 5 kwa ulioharibika mno, bila ya kuambiwa picha ni ya kitalu gani, ili wasipendelee. Utaratibu mzuri, lakini mtaona kuwa unasimama juu ya uzi mmoja. Picha yenyewe haijui kitalu. Anayejua kitalu ni daftari la bwana shamba, lililoandikwa, tuseme, "saa 3:15, kitalu 14." Kinachoiunganisha picha na kitalu ni saa, basi.

Niliporudi kutoka masomoni nilikabidhiwa picha 1,380 za kamera mbili na simu moja, pamoja na jedwali lililopigwa chapa kutoka kwenye daftari. Jedwali lina safu iliyoandikwa "saa," hapana asubuhi wala jioni. Nikatazama: jedwali linasema 3:15, picha inasema 9:15. Mstari wa pili, jedwali 3:22, picha 9:22. Tofauti saa 6 barabara, kila mstari. Nikajiambia, kamera hizi zimetoka dukani na saa ya kwao, hakuna aliyezirekebisha.

Naona mnacheka. Chekeni, mna haki. Mimi, mtoto wa Kizimbani, niliyefundishwa saa na bibi yake kwa kivuli cha mfenesi, nimeisahau saa ya Kiswahili! Miaka mitatu ya kuishi kwa saa 24 ilitosha kunipofua. Bwana shamba aliandika saa 3 na robo ya asubuhi kama anavyoisema kila siku ya maisha yake, na kamera ikaandika 9:15 kama ilivyoundwa, na wote wawili walikuwa sahihi. Aliyekosea ni msomi aliyekaa katikati yao.

Nikaandika amri hii, na naomba mhariri aipige chapa kama ilivyo, ili iwe onyo:

exiftool "-AllDates-=6" -overwrite_original -r picha

Maana yake: punguza saa 6 katika tarehe zote za kila picha, ingia mpaka ndani ya makabati madogo, wala usiweke nakala. Hapo kwenye nakala ndipo nilipojimaliza. Programu hii, ukiiachia, ina busara: kila inapobadilisha picha huiweka ile ya asili pembeni, na kuliongezea jina lake neno _original. Mimi niliona diski inajaa, nikaikataza. Na katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi, sikujiuliza amri ilifika wapi. Nikaiendesha tena tangu mwanzo. Matokeo yake ni kuwa picha za mwanzo zilipunguzwa saa 12 na za mwisho saa 6, na mimi nikaenda zangu kula.

Nusu ya picha zikawa zinalingana na jedwali kama pacha, 3:15 kwa 3:15, nami nikazitazama hizo nikaridhika. Zile nyengine zikasema zimepigwa saa 21:15 ya jana yake. Programu yangu ya kulinganisha ilikuwa inachukua mstari wa karibu uliotangulia, na kwa kuwa watu wa shamba walikwenda siku kadhaa mfululizo, picha hizo zote zikaangukia kitalu cha mwisho cha siku ya nyuma. Majani mabovu ya vitalu vingine yakahesabiwa kuwa ya kitalu kizima, na vitalu vyenye ugonjwa vikatoka safi, kwa kuwa picha zao zimehamia kwa jirani. Alama zikajumlishwa. Orodha ya mbegu za kuzalishwa ikaandaliwa, ikapelekwa kwa mkuu wetu kutiwa saini.

Aliyetuokoa ni binti mmoja aliyeletwa kwetu na chuo kwa mazoezi ya kazi. Alikuwa akipanga picha kwa ajili ya ripoti yake, akaja mezani kwangu wiki ya tatu, akasimama kwa heshima kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa.

"Samahani, Maalim," akasema. "Hii picha imeandikwa saa 21:15. Saa tatu na robo usiku."

"Ehe?"

"Mbona ina jua?"

Nikaitazama. Lilikuwa jani la muhogo lenye mishipa ya manjano, na kivuli cha mkono wa mpiga picha kimelala juu ya udongo, cheusi kama kilichochorwa. Ndugu zangu, nimepata kufiwa na nimepata kufeli mtihani. Sijapata kuhisi baridi ile tumboni.

Kutoka meza yangu mpaka mlango wa mkuu hazifiki hatua thelathini. Nilizikawiza. Ingekuwa rahisi kunyamaza: hakuna aliyejua ila mimi na binti, na binti hakuwa na habari alichokigundua. Lakini nilikuwa nikiliona konde la shangazi. Miti ile ingekatwa vipande, ikapelekwa Donge, Makunduchi, na Pemba, ikapandwa na watu wanaoiamini kwa sababu imetoka serikalini. Nikaingia, nikasema. Mkuu alikuwa na kalamu mkononi. Akaifunga, akaniuliza neno moja tu, "Zitarudi?" Nikamjibu kuwa sijui. Akairudisha orodha kwenye jalada.

Sasa jinsi zilivyorudi, na hapa vijana wa sayansi nawaomba masikio. Kamera moja ilikuwa na jipiesi, na jipiesi huandika saa yake katika sanduku jengine, saa ya setilaiti, ambayo amri yangu haikuigusa. Saa hiyo ndiyo saa ya dunia, na sisi Afrika Mashariki tumeitangulia kwa saa 3, majira yote ya mwaka. Tazameni basi jambo la ajabu: bwana shamba anasema 3:15, setilaiti inasema 6:15, kamera inasema 9:15. Saa tatu zinazotofautiana kwa tatu tatu, na zote zinazungumzia dakika moja, mtu mmoja, na jani moja. Kama ningekuwa na kamera iliyosahihishwa kwa saa ya dunia, ningeweza kukosea kwa namna ya tatu. Mpaka mwaka 2016 utaratibu wa Exif haukuwa hata na mahali rasmi pa kuandika kuwa saa hii ni ya nchi gani; na kamera nyingi zilizopo mikononi mwa watu bado haziandiki.

Kwa hiyo kwa kamera ya kwanza tuliiamrisha ExifTool inakili saa ya setilaiti katika tarehe za picha, kisha iongeze saa 3. Amri mbili, dakika chache. Kamera ya pili ilikuwa kuukuu, haina jipiesi, lakini majina ya picha zake yalikuwa na namba za mfululizo. Tukazipanga kwa namba, tukatafuta mahali saa inaporuka ghafla kwa saa 6 zaidi ya inavyostahili. Hapo ndipo umeme ulipokatika. Kabla ya hapo tukaongeza 12, baada ya hapo 6. Kazi ya siku mbili, na binti ndiye aliyeifanya sehemu kubwa.

Za simu zilikuwa 43, na hizo hazikurudi. Simu haikuwashwa jipiesi, na picha zilikuwa zimepewa majina mapya na mtu mwenye bidii kuliko haja, hata mfululizo haukubakia. Tulizitoa katika hesabu. Kwa sababu yake mbegu moja, ambayo yumkini ilikuwa nzuri, ilikosa ushahidi wa kutosha ikasubiri msimu mwengine. Mnajua muhogo hukaa ardhini muda gani. Kwa mtu wa ofisini msimu ni mstari katika ripoti. Mkulima anahesabu vyengine.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa vibao. Kabla ya kitalu, bwana shamba anaandika namba ya kitalu kwenye kibao kwa chaki na kukipiga picha. Anaandika saa anayoitaka, ya Kiswahili ikimpendeza, lakini ataongeza asubuhi, mchana au usiku. Na kila alfajiri anapiga picha ya kioo cha saa ya simu yake, ili tujue kamera inakwenda mbele au nyuma kwa sekunde ngapi. Jioni picha zinanakiliwa mahali pawili kabla ya mtu yeyote kuzigusa. Kisha tunatengeneza jedwali, safu ya kwanza jina la picha, safu zinazofuata kitalu, mbegu na jina la mpiga picha, na ExifTool inalisoma jedwali hilo na kuyaandika yote ndani ya picha zenyewe. Sasa picha hata ikiibiwa, ikihamishwa, ikibadilishwa jina, inatembea na habari zake. Ni kama gunia la karafuu linalotiwa alama kabla halijatoka banda la mizani, wala si baada ya kufika bandarini.

Kuna mitego miwili mitatu mengine, nitaipitia upesi maana naona Ndugu Mwenyekiti anatazama saa, na sijui ni ipi kati ya zile tatu.

Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi 6 na kitu. Katika Exif, namba ya latitudo huwekwa peke yake bila ya alama ya kutoa, na herufi ya kusini au kaskazini huwekwa pembeni. Ukiandika namba ukaisahau herufi, yaani usipoandika -GPSLatitudeRef=S, kompyuta nyingi zitadhani ni kaskazini, na mikarafuu ya Kizimbani itaota Ethiopia ya kusini. Nimeiona ripoti ya namna hiyo, ya watu wakubwa, na ramani ya rangi.

La pili ni WhatsApp. Mabwana shamba wetu wengi wanatuletea picha kwa njia hiyo, na wanafanya vizuri, kwani ni rahisi. Lakini picha ikipitia huko kama picha, hupunguzwa ukubwa na kufutwa maandishi yote ya nyuma, inafika uchi. Itume kama faili la waraka, itafika na nguo zake. Hili peke yake, mkilikumbuka, sitakuwa nimepoteza muda wenu.

La tatu ni kinyume cha yote niliyosema. Kuna picha ambazo maandishi yake yafutwe makusudi. Picha ya paa nunga iliyopigwa na kamera ya kutega msituni, ukiitoa hadharani na latitudo yake, umemwonesha njia mwindaji. Picha ya mtoto mbele ya nyumba yenu, vile vile. Amri ni fupi, -gps:all= na hapana kitu mbele ya alama ya sawasawa. Ila ifanye kwa nakala, ile ya asili ibaki kabatini.

Msidhani haya ni mambo ya muhogo tu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, katika mradi ulioshirikisha Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa na Benki ya Dunia. Vijana wetu wa chuo ndio waliojifunza kuzirusha. Zaidi ya kilomita za mraba 2,300 za visiwa hivi. Ramani ile haikupigwa kwa picha moja. Ni maelfu kwa maelfu ya picha zinazopandiana kama makuti, na zinapangwa kwa kuwa kila moja inajua ilikuwa wapi. Na ng'ambo ya bahari, Bagamoyo, wataalamu walipiga picha 11,670 za majani ya muhogo katika wiki 4, wakazitumia kuifundisha kompyuta kuyatambua maradhi, na habari zake zikachapishwa mwaka 2017. Kazi hiyo iliendelea mpaka ikazaliwa programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo mkulima anaielekeza kwenye jani ikamwambia linaumwa nini. Mashine hiyo ilijifunza kutokana na maneno yaliyoambatanishwa na picha. Angekuwepo pale mtu wa kupunguza saa 6, ingejifunza uongo, na ingeufundisha kwa mkulima kwa sauti ya kujiamini.

Binti yule, kwa wanaotaka kujua, sasa ni bwana shamba, au niseme bibi shamba, na mimi humpelekea amri zangu azisome kabla sijazitumia. Hunirudishia na alama nyekundu.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja, nililoliomba kwa Katibu akanikubalia. Pale kwenye meza ya mlangoni tumeweka kisanduku cha picha za skuli hii, zilizokutwa katika kabati la ofisi. Ni 212. Kwa juma zima nimekuwa nikizipiga upya kwa kamera na kuziingiza katika kompyuta, na kila moja nimeiandikia ndani kile kilichojulikana. Zenye majina kamili ni 37. Hizi nyengine, tunajua ni wanafunzi, tunajua ni uwanja wetu, na mwembe ule ule, basi. Kalamu zipo, karatasi zipo, na vijana wawili wa Kidato cha Tatu watakaa na kompyuta kuandika mtakayoyasema, pamoja na jina la aliyesema.

Na moja nimeishika mkononi. Ni timu ya mpira, vijana kumi na mmoja na mwalimu wao, hapana tarehe. Wanane nimeshawapata. Huyu wa tatu kutoka kushoto, aliyefunga kitambaa mkononi na anayecheka peke yake ilhali wenzake wote wamekaza uso, hakuna aliyemjua hata sasa. Mzee wangu uliyekaa karibu na dirisha, umesoma hapa kabla yetu sote. Tafadhali, naileta hapo ulipo, itazame.